Bi Mashavu na Mstari wa Chokaa

Nchi yenyewe inaitwa Vilembani, na kabla hujaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, nakuapia iko mbali kabisa na kwenu. Kwenu mawaziri wanafanya kazi. Vilembani wanavaa. Kila mwenye neno serikalini ana kilemba, na ukubwa wa kilemba ndio ukubwa wa neno. Waziri Mkuu wao hapiti mlangoni mpaka ainame, ndiyo maana wageni humsifu sana kwa unyenyekevu.

Vilemba hivyo haviuzwi dukani. Ni vya kurithi. Akifa Mwinyi wa mahali, kilemba chake na kigoda chake cha enzi vinakwenda kwa mwanawe wa kiume wa kwanza, awe na akili asiwe nazo. Na kwa kuwa hakuna anayeulizia habari ya akili, nchi imekwenda kwa amani kabisa.

Sasa Mwinyi wa Zuwera alijaliwa mtoto mmoja tu. Mkunga alitazama, akatangaza wa kiume, ngoma zikapigwa, na mtoto akapewa jina refu la babu zake ambalo sitalitaja hapa kwa sababu mwenyewe hataki kulisikia. Mtoto akakua, akasoma, akawa fundi wa meno ya bandia. Alipofika umri wa kusema mambo yake bila kutetemeka, akamwambia mama yake, Bi Nunu, kwamba yeye si mwanamume na hajawahi kuwa, na kwamba jina lake ni Mashavu.

Bi Nunu alinuna. Alinuna masika yale mpaka masika mengine. Halafu siku moja akaingia kwenye karakana ya meno, akaweka doti ya kanga mezani katikati ya mataya ya plasta, akasema, "Rangi hiyo itakukubali. Na usifunge kama unafunga mzigo, utaniaibisha."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote juu ya jambo hilo. Mashavu alilia mchana kutwa, akakosea taya la mkuu wa wilaya, ambaye hadi leo akicheka watu hudhani amekasirika.

Serikali nayo haikutaka kuachwa nyuma. Wafadhili walikuwa wameshatua uwanja wa ndege, kwa hiyo bunge lilitunga haraka haraka Sheria ya Utambuzi: aliyebadili jinsia atambuliwe hivyo katika mambo yote, kwenye foleni ya hospitali, kwenye faini, kwenye kodi, hata gerezani akibahatika. Wabunge walikuwa tayari wameinua mikono kupitisha, macho yako kwenye chakula cha mchana, pale Mwinyi wa Chamtoni alipopiga ukelele.

"Mheshimiwa Spika! Je, dada zetu?"

Mikono yote ikashuka. Maana wabunge wale wote walikuwa wana wa kiume wa kwanza, lakini wachache sana walikuwa watoto wa kwanza. Nyuma ya karibu kila kilemba mle ndani kulikuwa na dada mkubwa aliyeozwa mbali, mwenye akili kumshinda mwenye kilemba.

"Mimi dada yangu," aliendelea Mwinyi wa Chamtoni huku jasho likimtoka, "anafuga ng'ombe, anaendesha trekta, na mwaka jana alinizaba kibao msibani mbele ya watu. Mwanamke yule akiamka Jumatatu akasema yeye ni kaka yangu, mimi nitakwenda wapi, Mheshimiwa Spika? Nitakula wapi?"

Kikao kikaahirishwa ili waheshimiwa wapige simu. Korido nzima ilikuwa ni "Dada, shikamoo, hujambo huko? Unajisikiaje siku hizi? Hapana, hakuna kitu, nauliza tu." Mmoja alijibiwa kwa sauti iliyosikika mpaka kantini: "We mtoto, ningekitaka hicho kilemba si ningekuvua tangu ulipokuwa unakojoa kitandani?"

Waliporudi ndani walikuwa wameungana kuliko siku zote. Sheria ikapita na mkia wake: atambuliwe katika mambo yote, isipokuwa cheo. Mbele ya cheo, kila mtu abaki vile alivyotangazwa na mkunga. Wakapongezana, wakaenda kula.

Basi wale mabwana, katika kujikinga na dada zao, wakamnasa Mashavu, ambaye hakuwa dada wa mtu yeyote na hakutaka kilemba cha mtu yeyote. Baba yake alipofariki, barua ilimfikia karakana: hongera Bwana Mwinyi, kigoda kinakungoja.

Alikwenda kukataa. Wizara ya Vyeo na Mambo ya Kale ilikuwa chini ya Mheshimiwa Dakta Mkwezi, ambaye meno yake yote ya juu yalikuwa kazi ya mikono ya Mashavu.

"Mheshimiwa, mimi ni mwanamke," alisema Mashavu. "Ninyi wenyewe mmenipa kitambulisho kinachosema hivyo, na sahihi ni yako."

"Na tunajivunia!" alisema waziri. "Wewe ni mwanamke kamili, bibie, na atakayekubishia tutamfunga. Ila ni Mwinyi. Na Mwinyi ni mwanamume."

"Basi sitaki uMwinyi."

"Cheo hakikataliwi, bibie. Ni kama pua. Wapi umeona mtu akarudisha pua?"

Aliyemtetea Mashavu siku hiyo, usicheke, alikuwa binamu yake Fumbwe. Huyu Fumbwe tangu Mashavu abadilike alikuwa akivuka barabara asimsalimie, na kwenye arusi alikuwa hali sahani alizogusa. Lakini mtoto wa Mwinyi akitoka, anayefuata kwenye kigoda ni Fumbwe. Ghafla mapenzi yakamjaa.

"Mheshimiwa, huyu ni dada yangu!" alipiga kelele akipiga meza. "Mwanamke tangu tumboni! Mimi nilijua zamani, mtazame anavyokaa! Dada, waambie. Dada yangu kipenzi!"

Mashavu alimtazama, akajiuliza kama afurahi au atapike.

Waziri akaunda kamati. Kamati ya wataalamu ilikaa hotelini kando ya ziwa, ikala samaki wote waliokuwemo ziwani, kisha ikaja na jibu. Tatizo, walisema, si mtu bali ni mahali. Bi Mashavu ni mwanamke nchini kote. Cheo kiko kwenye kigoda. Kwa hiyo ijulikane tu cheo kinaishia wapi. Popote kigoda kitakapowekwa, kizungushiwe mstari wa chokaa: nje ya mstari ni Bi Mashavu, ndani ya mstari ni Bwana Mwinyi.

Usidhani natania. Iliundwa ofisi, na ofisi ikapata mkuu, na mkuu akapata gari, na mwisho kabisa akaajiriwa mtu wa kufanya kazi yenyewe, mzee Songoro, Mchora Mpaka wa Taifa, na ndoo yake na brashi ya katani. Siku za sherehe kigoda kililetwa uwanjani, Songoro akakizunguka akipaka, na Mashavu akaja kutoka karakana na unga wa plasta kwenye nyusi. "Karibu sana, Bi Mashavu," walisema maofisa nje ya mstari. Akivuka hatua moja, wale wale wanapiga goti: "Shikamoo, Bwana Mwinyi!" Siku moja alisimama mguu huku na mguu huku kufunga kamba ya kiatu, bendi ikachanganyikiwa ikapiga wimbo wa taifa nusu. Siku nyingine mvua ilifuta chokaa katikati ya hotuba, na wizara ikalazimika kuwarudisha watu wote nyumbani, maana hakuna aliyekuwa na hakika tena nani ni nani, hata waziri mwenyewe alianza kujishuku.

Mashavu alivumilia. Ulikuwa ujinga wa asubuhi moja moja, na watu wengine huvumilia kipandauso. Tena kulikuwa na Bi Nunu. Yule mama alikuwa anakuja na kiti chake, anakiweka sentimita chache nje ya chokaa, anakaa, na katikati ya dua za wazee anapaza sauti: "Mashavu! Ukitoka huko pitia nyanya!" Na Bwana Mwinyi wa Zuwera, juu ya kigoda cha mababu, anajibu, "Ndiyo, mama."

Kisha Bi Nunu akaugua, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa kupona.

Vilembani kuna jambo moja ambalo hata serikali haijawahi kulichezea. Mama akifa, anaoshwa na binti yake. Majirani wa kike hushika hiki na kile, lakini mkono unaopita mwilini ni wa binti. Pazia likishateremshwa, hakuna mwanamume anayelisogelea, awe mume, awe mwana, awe Mwinyi. Mwanamume akivuka pazia lile, marehemu amevunjiwa heshima na wote waliomo ndani wamevunjiwa heshima.

"Utaniosha wewe," Bi Nunu alisema siku moja, amelala ubavu. "Simtaki Bi Msimu. Ana mdomo yule, atauhadithia mgongo wangu mji mzima."

"Mama, usiseme hivyo. Utapona."

"Niseme vipi? Nimezaa binti ili nije kuoshwa na jirani?"

Binti. Kanga alishampa, nyanya alishamtuma, lakini neno hilo mdomo wa mama yake ulikuwa haujawahi kulitoa. Mashavu aliinama akajifanya anakunja shuka. Alifurahi, na aliona aibu kufurahi mbele ya mgonjwa.

Bi Nunu alifariki Jumanne, baada ya kunywa uji na kuusema vibaya. Mashavu alitoka mbio kwenda sokoni kununua sanda na kafuri. Aliporudi, kichwa hakisikii na mikono imejaa, alikuta nyumba yao imezungushiwa chokaa.

Ukuta hadi ukuta, uani hadi barazani, mstari mweupe mbichi. Maana desturi nyingine ya Vilembani inasema msiba ukiingia nyumba ya Mwinyi, kigoda huletwa barazani na hakiondoki mpaka maiti itoke. Kigoda kilikuwa pale, kimefunikwa kitambaa cheusi. Mheshimiwa Dakta Mkwezi alikuwa pale na kilemba cha huzuni, ambacho ni kikubwa kidogo kuliko cha kawaida. Fumbwe alikuwa pale, analia kwa sauti na kuchungulia kigoda kupitia vidole. Na mzee Songoro alikuwa amechuchumaa mlangoni akimalizia kipande cha mwisho.

"Pole, dada," alisema Songoro bila kuinua macho. "Ukivuka ni kaka. Si mimi, mwanangu. Ni kazi."

"Nataka kuingia nimwoshe mama yangu," Mashavu alisema.

Waziri alisogea mpaka ukingo wa chokaa. "Karibu ndani, Bwana Mwinyi mtarajiwa, keti na wazee upokee rambirambi za taifa. Ila kuosha hapana. Ndani humu wewe ni mwanamume, na mwanamume havuki pazia. Tungekuwa watu gani?"

"Basi mtoeni mama nje ya mstari, nimwoshe huku."

"Maiti haitoki kabla haijaoshwa."

"Basi ondoeni kigoda."

"Kigoda hakiondoki kabla maiti haijatoka."

"Basi futeni mstari!"

"Bibie," alisema waziri kwa upole wa kweli, kwa kuwa Mashavu bado alikuwa nje ya mstari na alistahili kuitwa bibie, "mstari huo umepitishwa na kamati."

Dirishani akatokea Bi Msimu jirani, kanga kichwani. "Jamani nyie wanaume na siasa zenu, maji yanapoa huku! Binti wa marehemu yuko wapi? Au nianze mwenyewe?"

Hapo ndipo Mashavu alipochoka. Sanda ilikuwa inamteleza mikononi. Watu wa mtaa mzima walikuwa wanatazama, na alichokiona yeye ni mama yake amelala mle ndani peke yake na Bi Msimu anakunja mikono ya gauni.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "mmeniita Bwana kwenye sherehe zenu nikanyamaza. Mmenipigia goti, mmenivisha kilemba kinachonuka uvundo, nikasema ni wazee, wana mambo yao, yatapita. Kichukueni kigoda, mpeni Fumbwe, mpeni mbuzi, kipikieni chai. Mama yangu sikuwapa."

Akavuka chokaa. Akapita kigoda bila kukitazama, akapita wazee waliokuwa tayari wanapiga magoti wasijue wayamalize au wayanyanyue, akainua pazia, akaingia, pazia likashuka.

Nje pakawa soko.

Mashavu aliyasikia yote kupitia kitambaa. Aliweka kafuri chini, akakunja kanga juu ya magoti, akapima maji kwa kiwiko. Bi Msimu alisogea mara moja upande wa mgongo, shingo imerefuka. Mashavu akavuta shuka kumziba. "Wewe shika ndoo, shoga," alimwambia, na Bi Msimu akashika ndoo.

"Mtoeni!" waziri alikuwa anafoka huko nje. "Mlinzi, ingia umtoe Bwana Mwinyi!"

"Mimi ni mwanamume, mheshimiwa," alisema mlinzi. "Nitavukaje pazia?"

"Wewe basi!"

"Na mimi pia, mheshimiwa. Sote hapa."

Sauti ya Fumbwe ikapanda juu ya zote, imekauka kilio ghafla. "Haya, sasa semeni! Kama ni mwanamke, cheo hakikuwa chake, ni changu. Kama ni mwanamume, amevuka pazia, amejivua cheo mwenyewe, ni changu! Nileteeni kigoda!"

"Kaa chini!" alisema waziri. Mashavu aliisikia ile kelele ndogo ya meno yake ya juu yakigongana na ya chini, sauti anayoitoa akiogopa. Na alikuwa na haki ya kuogopa. Akisema aliyemo ndani ni mwanamume, basi serikali, kwa chokaa yake na sahihi yake, imemwingiza mwanamume kwenye maji ya marehemu, na akina mama wa nchi nzima watamvua kilemba kwa mikono yao. Akisema ni mwanamke, kesho Mwinyi wa Chamtoni atakuja kumuuliza habari ya dada yake.

"Iletwe ripoti," akasema mwishowe. "Ripoti rasmi. Ndani kuna mwanamume au hakuna? Nani anaweza kwenda kutazama?"

Aliyeweza alikuwa mwanamke mmoja tu wa serikali pale, Koplo Siwema wa usalama barabarani, aliyekuwa ametumwa kupanga magari ya wakubwa. Alisukumwa mbele. Pazia likainuka, akaingia msichana mnene wa miaka ishirini na kitu, buti miguuni, mkono kwenye kofia.

"Nimetumwa kuangalia kama kuna wanaume," alisema.

"Vua buti," alisema Bi Msimu. "Unachafua."

Koplo akavua buti. Alibaki kasimama kwenye kona, mikono haijui pa kwenda. Mashavu hakuinua kichwa. Alikuwa anaosha nywele za mama yake, zile mvi nyembamba, akizitenganisha kwa vidole kama alivyokuwa akitenganishiwa zake alipoanza kuziotesha, mama anavuta, anagomba, anasuka. Machozi yalikuwa yanamdondoka ndani ya maji na hakuwa na mkono mkavu wa kuyafuta.

"Nishikie kichwa, mdogo wangu," alisema. "Kinaelemea upande."

Koplo Siwema alisita kidogo tu. Akaweka kofia chini, akakunja mikono ya shati la kazi, akapiga magoti na kukipokea kichwa cha Bi Nunu katika viganja vyake viwili. Waziri aliita kutoka nje. Aliita tena. Wao walikuwa wanaosha mkono wa kulia. Waliosha taratibu, wakageuza, na mgongo Mashavu akauosha peke yake chini ya shuka. Huo mgongo una nini, mimi sijui. Wewe pia hutajua.

Maji yakaisha. "Nitaleta mengine," alisema koplo. Akafuta uso kwa bega, akachukua ndoo, akatoka vile vile, peku, shati limelowa mpaka viwikoni.

Mashavu alisikia kila mtu barazani akivuta pumzi.

"Koplo!" ilikuwa sauti ya waziri. "Ripoti! Umekuta nini humo ndani?"

"Marehemu anaoshwa na binti yake, mheshimiwa."

"Binti yupi?"

"Ana mmoja tu," alisema koplo. "Naomba kupita, maji yameisha."

 Kisha, chini ya pazia, Mashavu akaona viatu vya waziri vikisogea pembeni.